Edison: Bingwa wa umeme ambaye moto ulimsimamishia kiwanda

KILA mwaka ninapofika kwenye mada ya umeme, huanza na jina la Thomas Alva Edison. Wanafunzi wangu hapa Rumonge hulifahamu hata kabla sijaliandika ubaoni. Ni yule Mmarekani wa taa ya balbu, wananijibu kwa pamoja, na somo linaendelea.

Mwaka jana lakini, kijana mmoja wa darasa langu alinyamaza. Alikuwa amerudi shuleni siku ile baada ya kukaa nyumbani karibu miezi miwili. Baba yake ni kibarua kwenye mashine ya kukamua mawese. Kiangazi kile banda la mashine lilishika moto usiku, likateketea na mapipa ya mafuta yaliyokuwa ndani. Hakuna aliyeumia, tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mashine ilisimama, vibarua wakarudishwa majumbani, na ada ya yule kijana ikakosekana. Baada ya kipindi alinifuata, akaniuliza kama mtu mwenye akili kama Edison naye aliwahi kuunguliwa na mahali pa kazi.

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi nilimjua Edison uhamishoni, katika kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, nilikofika na wazazi wangu mwaka 1993 nikiwa mtoto. Mwalimu wetu wa fizikia alituchorea balbu kwa chaki kwenye darasa ambalo halikuwa na hata waya mmoja wa umeme. Alitufundisha ushindi wa Edison tu. Habari za moto hakutugusia, na mimi niliporudi nyumbani na kuwa mwalimu niliendelea vile vile. Ilinibidi nisome upya maisha ya mtu huyu, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Akiwa bado mtoto familia yake ilihamia Port Huron, Michigan. Shule hakukaa sana, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata nyumbani kwa mama yake, ambaye aliwahi kuwa mwalimu. Usikivu wake ulikuwa hafifu tangu ujana, na ulizidi kupungua kadiri alivyokua.

Alipofika miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Kwa kuwa alipenda sana kemia, alijitengea kona kwenye behewa la mizigo akapanga chupa zake za kemikali. Siku moja treni ikayumba, kipande cha fosforasi kikaanguka na behewa likashika moto. Moto ulizimwa, lakini kijana alifukuzwa yeye na chupa zake. Huo ndio moto wa kwanza katika maisha yake, na ulimpotezea karakana yake ya kwanza.

Baadaye alijifunza kazi ya simu ya maandishi, akazunguka miji mingi akiwa fundi wa kupokea na kupeleka taarifa. Mwaka 1876 alijenga maabara yake Menlo Park, jimbo la New Jersey. Hapo, mwaka 1877, alitengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuitoa tena. Mwaka 1879 akapata balbu iliyoweza kuwaka kwa saa nyingi bila kukatika.

Mpenzi msomaji, hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Edison alijua kwamba umeme ukiachiwa unaweza kuunguza nyumba. Mwaka 1880 alipewa hataza ya kipande cha waya mwembamba kinachowekwa kwenye njia ya umeme. Umeme ukizidi, waya ule unayeyuka na kukata njia kabla nyaya za ukutani hazijapata moto. Ndiyo fyuzi tunayoijua leo. Kwa maneno mengine, mtu huyu alifahamu vizuri kanuni ya kuweka kitu kidogo na rahisi kikubali kuharibika ili kitu kikubwa kisiharibike.

Tarehe 4 Septemba 1882 alifungua kituo cha kufua umeme mtaa wa Pearl, mjini New York. Mtaa mzima ukawaka taa. Lakini tarehe 2 Januari 1890 kituo kile kiliteketea kwa moto. Kati ya dainamo zake kubwa, moja tu ndiyo iliyookoka, na mpaka leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, Michigan. Wateja waliokuwa wamezoea taa wakajikuta gizani, na mafundi wakalazimika kuhangaika kurudisha huduma. Huo ulikuwa moto wa pili.

Wakati huo Edison alikuwa amekwisha kuhamia West Orange, pia katika New Jersey, alikofungua maabara kubwa zaidi mwaka 1887. Pembeni mwa maabara kikakua kiwanda, na kiwanda kikawa mji mdogo. Palitengenezwa mashine za santuri, santuri zenyewe, filamu za sinema na betri. Maelfu ya watu walipata riziki yao pale.

Edison pia aliingia katika biashara ya saruji. Kampuni yake ya saruji ilianzishwa mwaka 1899, na yeye mwenyewe aliamini kwamba zege ndilo jengo la siku za usoni. Alihubiri nyumba za zege kwa watu wa kipato cha chini, akisema haziungui. Na kiwandani kwake West Orange majengo mengi makubwa yalijengwa kwa zege lenye nondo. Nani angeogopa moto ndani ya jiwe?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Ulaya mwezi Agosti 1914, Edison alipata mtihani. Santuri zake zilihitaji kemikali iitwayo fenoli, ambayo ilikuwa ikiagizwa kutoka Ulaya. Meli zikakoma kuileta. Wengine wangefunga milango na kungoja. Edison aliamua kuitengeneza mwenyewe, akajenga kiwanda cha fenoli huko Silver Lake, New Jersey, kwa haraka ya kushangaza. Alikuwa mtu asiyevumilia kuona mashine zimesimama. Lakini hatari aliyoizuia ilitoka ng'ambo ya bahari. Nyingine ilikuwa uani kwake.

Jioni ya Jumatano, tarehe 9 Desemba 1914, moto ulilipuka katika jengo dogo la kukagulia filamu. Filamu za siku zile zilitengenezwa kwa seluloidi ya aina inayowaka kwa kasi mno, na ikishawaka ni vigumu sana kuizima. Kutoka pale moto ukarukia majengo ya jirani. Ndani yake mlikuwa na mbao, nta, kemikali na bidhaa zilizofungwa tayari kwa kuuzwa. Zege halikuungua, ni kweli. Lakini moto haukulihitaji zege. Uliingia kupitia madirisha na kula kila kilichokuwa ndani, na kuta zile zikawa kama tanuri ya kuokea mkate. Zima moto walifika kutoka miji ya jirani, lakini nguvu ya maji haikutosha kwa moto mkubwa namna ile.

Kulipokucha, majengo zaidi ya kumi yalikuwa magofu yanayofuka moshi. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha. Magazeti ya wakati huo yalikadiria hasara kwa mamilioni ya dola, na bima iliyokuwapo haikufikia hasara hiyo. Edison alikuwa na umri wa miaka 67. Maabara yake ya matofali, iliyokuwa ng'ambo ya barabara, iliokolewa, na jengo la betri pia. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache kufika Krismasi, msimu ambao santuri hununuliwa kwa wingi.

Tuache kidogo maisha ya Edison, tuangalie majirani zake. Je, wakati ule hapakuwa na njia ya kukilinda kiwanda? Ilikuwapo, tena ya muda mrefu.

Katika jimbo la Rhode Island, si mbali sana na New Jersey, palikuwa na mwenye kiwanda cha nguo aitwaye Zachariah Allen. Viwanda vya pamba viliungua mara kwa mara, kwa sababu vumbi la pamba na mafuta ya mashine ni chakula cha moto. Allen alikitengeneza kiwanda chake kwa uangalifu, akaweka pampu, mipira ya maji na milango mizito ya kuzuia moto. Kisha akaenda kwa kampuni ya bima kuomba apunguziwe malipo, kwa kuwa hatari yake ilikuwa imepungua. Akakataliwa. Mwaka 1835 akaungana na wenye viwanda wenzake, wakaanzisha bima yao ya pamoja. Aliyetaka kujiunga alipaswa kwanza kukilinda kiwanda chake, na kilikaguliwa. Waliojilinda walilipa kidogo.

Mwaka 1874 mtengenezaji wa piano wa New Haven, jimbo la Connecticut, Henry Parmelee, alipewa hataza ya kinyunyizio cha maji kinachojifungua chenyewe moto unapotokea. Mwaka 1881 Frederick Grinnell, mhandisi wa Providence, huko huko Rhode Island, akakiboresha mpaka kikaenea katika viwanda vingi vya nguo, na baadaye Uingereza.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Mabomba ya maji hupitishwa darini. Kila baada ya hatua chache kuna kichwa kidogo kilichozibwa kwa madini laini ya kulehemu yanayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Moto ukianza, joto hupanda darini, madini yanayeyuka, kizibo kinaanguka na maji yanamwagika juu ya moto ule ule. Vichwa vingine vinabaki vimefungwa. Kwa hiyo haingojwi zima moto, haingojwi mlinzi aamke. Moto unabanwa ukiwa bado wa ukubwa wa meza, na asubuhi wafanyakazi wanafagia maji, wanabadilisha kichwa kimoja au viwili, wanawasha mashine.

Utaona kwamba kanuni ya kinyunyizio ni ndugu wa fyuzi ya Edison. Vyote viwili vina kipande kidogo kinachoyeyuka ili kuokoa kikubwa. Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1880, Grinnell ya kinyunyizio mwaka 1881. Miaka 33 baadaye kinyunyizio kilikuwa kitu cha kawaida katika viwanda vya pamba, lakini majengo makubwa ya West Orange yalitegemea ugumu wa zege peke yake. Wataalamu waliochunguza moto ule walieleza kuwa zege lilisimama vizuri na sehemu kubwa iliweza kukarabatiwa. Kilichokosekana kilikuwa ulinzi wa vilivyomo ndani na wa madirisha.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Hapa ndipo sifa yake ya kweli inapoonekana, na si haki kumnyima. Edison hakulia wala hakumtafuta wa kumlaumu. Asubuhi iliyofuata aliwakusanya watu wake, kazi ya kuondoa vifusi ikaanza mara moja. Wafanyakazi walipokezana mchana na usiku. Kuta za zege zilizobaki zikafanyiwa matengenezo badala ya kubomolewa. Katika wiki chache sehemu ya uzalishaji ikaanza tena. Kwa hili anasifiwa mpaka leo, na wahubiri wa biashara hupenda kulisimulia kama mfano wa kutokata tamaa.

Mimi nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine ni hii: si kila kilichosimama kilirudi. Mwaka 1913 Edison alikuwa amewaonyesha watu sinema zenye sauti, picha ikiwa imeunganishwa na mashine ya santuri. Mashine ile ilikuwa na matatizo yake na watazamaji walikuwa wameanza kuichoka. Lakini moto wa Desemba 1914 uliteketeza nakala mama za picha na za sauti, na baada ya hapo Edison akaiacha kazi ile. Watu walingoja mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo sinema ya sauti ikashika, kwa mikono ya watu wengine. Mashine ya kuunguza unaweza kuagiza nyingine. Nakala mama isiyo na pacha wake mahali pengine ikiungua imekwenda.

Hili ndilo ninalotaka wenye karakana, mabohari na viwanda wa nchi yetu walifikirie. Hasara ya moto haiishii kwenye kilichoungua. Hesabu halisi huanza kesho yake. Mteja aliyezoea kununua kwako anakwenda kwa jirani, na akizoea huko si rahisi arudi. Fundi hodari anatafuta kazi kwingine. Mkopo wa benki hausimami hata kama mashine zimesimama. Bima, kwa aliye nayo, italipa ukuta na paa, lakini haitamrudisha mteja. Edison alikuwa na jina kubwa duniani, majengo yaliyoweza kukarabatiwa na maabara iliyosalimika. Sisi wengi wetu hatuna hata kimoja cha hivyo.

Hatuna haja ya kwenda New Jersey kutafuta ushahidi. Wote tunaikumbuka asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali, na hata waliokuwa mbali na moto waliguswa, kwa kuwa mikoani tulikuwa tunategemea bidhaa kutoka pale. Hapa Rumonge bei zilipanda na baadhi ya maduka yakakosa cha kuuza. Moto ulikuwa wa jiji, njaa yake ilitufikia kando ya ziwa.

Mambo ya msingi ya kujilinda hayajabadilika sana tangu siku za Allen. Kinachowaka haraka kitengwe mbali na mashine na mbali na bidhaa zilizokamilika. Majengo yagawanywe kwa kuta na milango ya chuma ili moto wa chumba kimoja usiwe wa vyumba vyote. Pawe na maji ya kutosha na mitungi ya kuzimia moto inayokaguliwa, pamoja na watu waliofundishwa kuitumia. Mwenye uwezo aweke vinyunyizio vya darini. Na nakala za hesabu, michoro na mikataba zikae pia mahali pengine.

Kwa mashine ndogo ya mawese, hata haya yanaweza kupunguzwa yakalingana na mfuko. Maji hayazimi mafuta yanayowaka, yanayatawanya. Kwa hiyo ndoo za mchanga mkavu ziwe karibu. Makapi yaliyolowa mafuta yaondolewe kila jioni. Mapipa yaliyojaa yasilale banda moja na jiko la kuchemshia. Haya hayahitaji mhandisi kutoka Ulaya. Yanahitaji mtu mmoja apewe jukumu, na aulizwe kila siku kama amelitimiza.

Edison aliendelea kufanya kazi West Orange hadi uzee wake. Alifariki dunia huko huko tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na umri wa miaka 84, akiwa amepata hataza 1,093 nchini mwake. Maabara iliyookolewa usiku ule sasa ni eneo la kumbukumbu ya taifa, na wageni huitembelea.

Yule kijana wangu nilimpa jibu lake. Nilimwambia kuwa ndiyo, Edison naye aliunguliwa, tena zaidi ya mara moja, na kila mara alianza upya. Akaniuliza kwa nini basi hakuzuia kabla. Nikamjibu kwamba aliamini ukuta, akasahau kilicho ndani ya ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Edison ukuta alikuwa nao, na nyufa zake zilikuwa madirisha.

Siku iliyofuata kijana yule alikuja na habari kwamba mwenye mashine amejenga banda jipya, na baba yake amerudi kazini. Nilimwomba akamuulize baba yake mapipa yanalala wapi usiku. Alirudi akicheka kidogo: yanalala pale pale yalipolala zamani, karibu na jiko. Jumamosi ile nilikwenda mwenyewe kumwona mwenye mashine. Tulizungumza kwa heshima, tukanywa chai. Aliniahidi kuyahamisha.

Sijui kama safari ile ilimpendeza. Ila Jumatatu baba wa kijana alinitumia salamu kwamba mapipa yamehamishwa, na ndoo nne za mchanga zimewekwa mlangoni.